BUIBUI MKUBWA WA NYUMBANI NA SHITAKA LA UONGO

Wakati wa mvua, huko Lushoto na katika vijiji vingi vya Usambara, pengine mtu huamka akaona shingoni au shavuni mwake mstari mwekundu uunguzao kama moto, na baadaye malengelenge. Akitazama ukutani humwona buibui mkubwa wa miguu mirefu, akasema, "Huyu ndiye aliyenikojolea." Buibui huuawa pale pale. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu ya kuwa hukumu hiyo si ya haki, na mwenye kosa huachwa huru.

Buibui huyu ni wa jamaa ya wawindaji. Hatandi utando wa kunasia wadudu. Mwili wake ni bapa, na miguu yake minane imelala ubavuni kama ya kaa. Kwa hiyo mchana hujipenyeza katika nyufa za kuta na chini ya maganda ya miti. Usiku hutoka kuwinda mende kwa mbio. Jike huchukua mayai yake katika kifuko bapa chini ya mwili, naye huenda nacho kila aendako.

Aliye maarufu kuliko wote katika jamaa hii aliandikwa na Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, mwaka 1767. Leo huitwa Heteropoda venatoria, na jina hilo la pili maana yake ni mwindaji. Asili yake ni Asia, naye amesafiri katika meli pamoja na mizigo na mikungu ya ndizi, hata akaenea karibu nchi zote za joto. Miguu ikinyoshwa, upana wake hupata inchi 3 hata 5. Akibanwa huweza kuuma, na maumivu yapo, lakini sumu yake haiui mtu. Wala hana mkojo uunguzao ngozi.

Basi ni nani mwenye kosa? Ni mdudu mwembamba, urefu wake hauzidi sana upana wa kidole, mwenye rangi nyekundu na nyeusi zilizopokezana. Kenya huitwa nzi wa Nairobi, ingawa si nzi, bali ni jamaa ya mbawakawa. Huko walizidi sana baada ya mvua kubwa za miaka 1997 na 1998. Usiku hufuata mwanga wa taa. Hang'ati wala hachomi; ila mtu akimponda juu ya mwili, maji yaliyomo ndani yake huunguza ngozi. Kidonda hakitokei saa ile, bali kesho yake au keshokutwa, wakati mdudu amekwisha kusahauliwa. Ndiyo sababu buibui hushitakiwa.

Ukimwona mdudu huyo mwilini, usimpige kofi. Mpulize, au mwondoe kwa karatasi. Akipondeka, osha mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji mengi, wala usiguse macho kwa mkono huo. Jicho likipatwa, nenda hospitali upesi. Taa isiwe karibu na kitanda, na shuka likung'utwe kabla ya kulala. Hatusemi auawe kila aonekanapo, kwani shambani hula wadudu waharibifu.

Waalimu wawaonyeshe watoto wadudu hawa wawili, na wazee wawaeleze watu wa nyumbani. Amwuaye buibui amemwua mlinzi wake wa mende, wala kidonda hakikupona; na usiku ujao yule mdudu mwekundu atarudi tena kwenye taa.