Kumfundisha Mwanafunzi Kuandika kwa Maneno Yake

Jumamosi moja tulialikwa Njiro kuzungumza na vijana wa usharika wanaosoma katika vyuo mbalimbali. Mmoja wao alitusomea insha yake ya Kiingereza. Ilikuwa nzuri mno. Tulipomwomba aieleze aya ya pili kwa Kiswahili alinyamaza, kisha akakiri kwamba ameinakili kitabuni kama ilivyo. "Mchungaji," akasema, "ningeiandika mwenyewe ingeharibika."

Wengi wetu tumezoea kuuhesabu wizi wa maandishi kuwa tunda la uvivu, na pengine ndivyo ulivyo, hasa siku hizi ambapo ukurasa mzima hutolewa katika intaneti kwa dakika moja. Lakini kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari kukariri majibu ya Kiingereza, huenda hajapata kuonyeshwa jinsi ya kulichukua wazo la mwingine na kulisema kwa kinywa chake. Kumwadhibu kabla ya kumfundisha si haki.

Sisi hufanya hivi. Mwanafunzi husoma aya, hufunga kitabu, humweleza jirani yake kwa Kiswahili, ndipo huandika kwa Kiingereza chake, hata kama kinachechemea. Baadaye hufungua kitabu na kulinganisha. Maneno ya mwandishi yaliyosalia hutiwa katika alama za kunukuu. Jina, mwaka na ukurasa hutajwa hata pale maneno yote yalipobadilika, kwa maana wazo lingali na mwenyewe. Hapa ndipo wengi hujikwaa: hudhani kubadilisha neno hapa na pale kwatosha.

Walutheri tunalo la kukumbuka. Mwaka 1527 Hieronymus Emser, mpinzani wa Luther, alitoa Agano Jipya la Kijerumani lililofuata kwa sehemu kubwa tafsiri ya Luther, likauzwa kwa jina la Emser. Luther alilalamika waziwazi katika barua yake ya mwaka 1530 juu ya kutafsiri. Luka, kwa upande wake, aifungua Injili yake kwa kukiri kwamba wengi wamemtangulia. (Nasi tunaohubiri mahubiri ya wengine bila kuwataja tusijifiche nyuma ya mimbari.)

Yule kijana alirudi baada ya majuma mawili. Insha ilikuwa imepungua nusu, na makosa ya sarufi hayakuwa machache. Aya ya pili aliieleza kwa Kiswahili pasipo kuitazama karatasi.