Balozi wa anga aliyezidiwa na fumbo

Hivi msomaji wangu, ukitumwa peke yako sayari ya mbali ukawashawishi wenyeji wajiunge na umoja wa sayari 83, utaanzia wapi? Huna jeshi wala msafara wa magari, na mfalme anakuona tapeli.

Kibarua hicho alipewa Genly Ai, kijana mweusi wa Dunia hii hii yetu, katika riwaya ya The Left Hand of Darkness iliyoandikwa na Mmarekani Ursula K. Le Guin mwaka 1969. Kitabu kilizoa tuzo mbili kubwa za hadithi za sayansi, Nebula na Hugo. Mimi nimekirudia mara tatu na bado hakijanichosha.

Kwa nini mtu mmoja? Kwa sababu mmoja ni mgeni, wengi ni wavamizi. Wenzake wamelala usingizi mzito ndani ya chombo huko angani, wakisubiri awaite.

Sayari yenyewe, Gethen, ni friji tupu. Wenyeji hawana mume wala mke. Siku chache kila mwezi mwili hugeuka, na aliyezaa mwaka huu mwakani anaweza kuwa baba. Hata mfalme hushika mimba! Le Guin aliwaita wote kwa neno la kiume la Kiingereza, akalaumiwa miaka na miaka. Kwa Kiswahili asingepata taabu: 'yeye' yetu haiulizi mtu kavaa gauni au suruali.

Lakini kilichomponza Genly hasa ni maneno. Katika nchi ya Karhide, kumpa mtu mzima ushauri waziwazi ni kumvunjia heshima. Waziri mkuu, Estraven, anamwalika chakula na kumdokeza kwa mbali kwamba mambo ikulu yameharibika. Genly anaona jamaa kamgeuka. Kesho yake Estraven anafukuzwa nchini, kosa lake likiwa kumuunga mkono mgeni huyo huyo!

Genly anakimbilia nchi jirani, Orgoreyn. Huko ni tabasamu, chumba chenye joto na misosi ya nguvu. Estraven, aliyekimbilia huko pia, anamtahadharisha tena, naye hasikii. Wale wenye tabasamu wanamtupa kwenye kambi ya wafungwa.

Anayekuja kumtorosha ni nani? Estraven. Wawili hao wanavuta sleji juu ya barafu kwa siku zaidi ya 80, na ndani ya hema dogo ndipo wanapoambiana mambo kinagaubaga. Wanafika Karhide, Genly anaita chombo chake. Ila Estraven anapigwa risasi mpakani na kufa. Karhide inajiunga na umoja, kazi imekwisha, lakini rafiki hayupo.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Genly alikuwa na elimu ya sayari 83 na fumbo la mezani likampita.

Kwa hiyo wewe unayeota ubalozi, au unayeanza kazi kwenye ofisi yenye makundi, sikia langu. Anayekuchekea siyo lazima awe wako, na anayezungukazunguka maneno huenda ndiye anayehatarisha shingo yake kwa ajili yako. Mwulize, "Una maana gani?" mapema, angali hai.