Sindano Isimuliayo

Katika sebule nyingi za wafanyakazi wa Nyakato miaka ya 1970 na 1980 palikuwa na vitambaa vyeupe juu ya viti, juu ya meza, na hata juu ya redio. Pembeni palidariziwa ua au jogoo, na pengine maneno ya kumkaribisha mgeni. Wengi wetu tuliihesabu kazi hiyo kuwa pambo tu. Huko Ulaya, hata hivyo, kipo kitambaa kilichodariziwa yapata miaka 950 iliyopita, ambacho wanahistoria hukisoma kama wasomavyo kitabu.

Kitambaa hicho kinajulikana kwa jina la mji wa Bayeux, nchini Ufaransa. Ni kitani chenye urefu wa karibu meta 70, na upana wa nusu meta tu. Kimeshonwa kwa nyuzi za sufu zilizotiwa rangi za mimea. Humo imesimuliwa habari ya mwaka 1066, jinsi William, mtawala wa Normandy, alivyovuka bahari kwa majahazi, na jinsi Harold, mfalme wa Uingereza, alivyouawa katika vita vya Hastings.

Mama yeyote avaaye kanga ataelewa upesi mpangilio wake. Katikati, mahali ambapo sisi tungepaita mji, ndipo habari yenyewe inapopita, tukio baada ya tukio. Juu na chini kuna pindo zenye ndege na wanyama, na vita vinapopamba moto maiti huangukia hadi kwenye pindo la chini. Juu ya picha yamedariziwa maneno mafupi ya Kilatini, kama jina la kanga. Asiyejua kusoma, na wakati ule walikuwa wengi, alitosheka na picha.

Wasomi hupenda kuzungumzia farasi na panga. Mimi navutiwa zaidi na jiko. Kabla ya vita, wapishi wa William wanaonekana wakichemsha chungu kilichoning'inizwa juu ya moto, huku nyama ya mishikaki ikiandaliwa juu ya ngao zilizogeuzwa kuwa meza. Mahali pengine watu wanainyoshea vidole nyota yenye mkia, wakiiogopa. Kisha inakuja picha ndogo isiyosahaulika: askari wawili wanaichoma nyumba, na mama anatoka akiwa na mtoto wake. Hakutajwa jina. Katika kitambaa chenye watu zaidi ya 600, wanawake wanahesabika kwa vidole. Hata hivyo, huenda walioshika sindano walikuwa wanawake wa Uingereza, yaani upande ulioshindwa.

Mwaka 1792, wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, kitambaa hicho kilinusurika kufanywa turubai la kufunikia magari ya jeshi. Mwanasheria mmoja wa mji ndiye aliyekiokoa. Baadaye, mwaka 1885, wanawake wa Leek huko Uingereza, wakiongozwa na Elizabeth Wardle, walianza kushona nakala yake kamili, wakaimaliza mwaka uliofuata. (Mtu aliye uchi katika kitambaa cha asili, katika nakala amevikwa kaptula!) Lakini walifanya jambo moja ambalo wenzao wa kale hawakulifanya: kila mmoja alidarizi jina lake chini ya kipande alichoshona.

Sisi wa Mwanza tuna habari zinazostahili sindano. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama karibu na mji wetu, na mamia ya watu wakafa. Wengi wao wamezikwa Igoma, katika barabara ile ile ya Musoma ipitayo Nyakato. Waliowapoteza wazazi siku ile wakiwa wachanga sasa ni watu wazima, na hao hawana cha kukumbuka ila kile watakachosimuliwa. Bibi aliyengoja bandarini hajaulizwa vya kutosha, na pengine mikono yake ingali inajua kudarizi.

Nyuzi si nyingi. Washonaji wa kale walionyesha bahari kwa mistari michache ya mawimbi, na ziwa letu pia linaweza kuonyeshwa hivyo. Meli iliyolala kifudifudi ni mkunjo mmoja wa uzi mweusi. Watu waliosimama ufukweni ni mishono mitano au sita kwa kila mtu. Kitambaa cha pamba cha upana wa mkono kinatosha, nacho kinaweza kuongezwa kipande kwa kipande kadiri habari inavyoendelea. Hata kile cha Bayeux ni vipande tisa vilivyounganishwa. Jina la mshonaji na mwaka vishonwe mwanzoni, kwa maana kitambaa cha Bayeux kimepotewa na sehemu yake ya mwisho.