Fahamu: Okidi chui, sura nyingi, spishi moja

Ukipanda kutoka Mbale kuelekea Mlima Elgon utakuta okidi juu ya miti. Miongoni mwa okidi za Uganda, inayochanganya watu ni okidi chui, Ansellia africana, iliyopewa jina hilo la kisayansi mwaka 1844. Maua yake huwa manjano matupu, au yenye madoa machache, au yamejaa mabaka ya kahawia iliyokolea. Zamani sura hizo zilipewa majina tofauti. Leo wataalamu wengi huzihesabu spishi moja, na sawa kabisa. Rangi hudanganya. Tazama mashina marefu kama miwa, na mizizi myembamba iliyosimama wima ikinasa majani makavu yanayooza na kuirutubisha. Mti wenyewe haiunyonyi. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, kwa hiyo piga picha, usiing'oe.