JE, MAKAA NA MCHANGA NI NDUGU?

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na mwaka huu nimeamua kuandika juu ya kemia. Najua wengine mtauliza, "Kemia kwa Kiswahili?" Naam, kwa Kiswahili. Chama chetu si cha mashairi na ngano peke yake.

Mambo yalianza hivi. Tulikuwa tukijifunza ethini. Mwalimu wetu wa kemia aliitengeneza gesi hiyo mbele yetu, akaipitisha katika maji ya bromini, na ile rangi ikapotea tukiangalia. Akatuambia hiyo ni kazi ya bondi maradufu. Mimi nikainua mkono.

"Mwalimu, silikoni iko chini ya kaboni katika kundi la nne. Je, kuna ethini ya silikoni?"

"Hapana," akajibu. "Silikoni haifanyi bondi maradufu. Andikeni hivyo."

Tukaandika. Lakini darasa lilikuwa limeshaangua kicheko, na tangu siku hiyo nikaitwa Profesa Mchanga, maanake silikoni hupatikana mchangani. Sitawaficha, niliumia. Nilikaa wiki mbili nzima bila kuinua mkono, hata kwa maswali niliyoyajua majibu yake.

Wenzangu wa kidato cha kwanza, hebu niwaeleze jambo lenyewe kwa lugha rahisi. Kila atomi ya kaboni ina mikono minne ya kushikia atomi nyingine. Katika ethini, kaboni mbili hushikana kwa mikono miwili miwili, na mikono inayobaki hushika hidrojeni. Kushikana huko mara mbili ndiko tunakoita bondi maradufu. Kampaundi za namna hii huitwa zisizoshiba, kwa sababu bado zina nafasi ya mgeni. Bromini ikibisha hodi, bondi moja huachilia, na mikono iliyo wazi humpokea.

Silikoni nayo ina mikono minne, ila atomi yake ni kubwa zaidi. Sasa sikiliza vizuri. Bondi ya kwanza hupita katikati, moja kwa moja kutoka atomi hadi atomi. Ile ya pili hujengwa ubavuni, elektroni za atomi moja zikikutana na za jirani yake kando ya mstari huo. Kaboni ni ndogo, kwa hivyo zinakaa karibu na mbavu zao zinagusana barabara. Silikoni zikishikana zinakaa mbali, na bondi ya pili inakuwa hafifu. Nguvu yake haifikii hata nusu ya ile ya kaboni. Basi badala ya kumshika jirani mmoja mara mbili, silikoni huona afadhali kushika majirani wanne mara moja moja.

Ushahidi unao mdomoni ukinywa soda. Ile gesi inayotoa mapovu ni kaboni dayoksaidi. Kaboni moja imeshika oksijeni mbili kwa bondi maradufu, molekuli imejitosheleza, inaruka zake hewani. Silikoni na oksijeni zikiungana kwa hesabu ile ile, moja kwa mbili, hatupati gesi. Tunapata mchanga! Kila silikoni imeshika oksijeni nne, kila oksijeni imeshika silikoni mbili, na mtandao unaendelea hivyo bila kukatika. Ndugu wawili wa kundi moja: mmoja anaruka, mwingine unamkanyaga ukienda nyumbani.

Mwingereza mmoja aliyeitwa Frederic Kipping, wa Nottingham, alikutana na shida hii zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alitarajia kwamba silikoni na oksijeni zingeshikana mara mbili, kama kaboni na oksijeni zinavyofanya katika ketoni. Wapi! Alipata vitu vya kunata kama gundi, maanake molekuli zilijifunga zikawa minyororo mirefu. Yeye hakuvithamini sana, lakini vitu vya jamii hiyo ndivyo mafundi wa vioo wanavyozibia madirisha siku hizi, nao huviita silikoni vilevile. Miaka ikapita, wengi wakijaribu na kushindwa, hata vitabu vikaiweka kama kanuni kwamba elementi kubwa za namna ya silikoni hazifanyi bondi maradufu. Kanuni hiyo ndiyo mwalimu aliyonipa.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Baada ya zile wiki mbili, mwalimu aliingia darasani na kitabu kinene cha chuo kikuu. Hakuanza somo. Alisimama akasema, "Juzi mwenzenu aliuliza swali mkamcheka, na mimi nikamjibu haraka. Nilichowaambia kilikuwa kweli mpaka mwaka wa 1981." Kisha akaniazima kile kitabu. Darasa lilinyamaza kama maji ya mtungini.

Mwaka huo wa 1981 Robert West na Mark Fink wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, pamoja na Josef Michl wa Chuo Kikuu cha Utah, kule Marekani, walitangaza kwamba wamepata kampaundi yenye silikoni mbili zilizoshikana mara mbili, tena ya kuwekwa kwenye chupa. Mwaka uo huo Adrian Brook wa Toronto, Kanada, naye akatoa kampaundi imara yenye bondi maradufu kati ya silikoni na kaboni.

Je, walifanyaje? West na wenzake walianza na kampaundi yenye silikoni tatu katika mstari. Wakaimulika kwa miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho. Silikoni mbili za pembeni zikabanduka na kwenda zake pamoja, ile ya katikati ikabaki na mikono miwili mitupu. Mbili za namna hiyo zilipokutana, zikashikana mara mbili. Aina hii ya kampaundi huitwa disilini, na fuwele zake zilikuwa na rangi kati ya manjano na chungwa.

Lakini siri kubwa ilikuwa ulinzi. Kila silikoni ilikuwa imevalishwa vikundi viwili vinene viitwavyo mesitili. Vikundi hivyo ni kama ua la michongoma kuzunguka boma. Molekuli mbili zikitaka kukaribiana ili zijifunge minyororo kama gundi ya Kipping, ua linazizuia. Bondi yenyewe imebaki hafifu vilevile, ila sasa ina mlinzi.

Hata hivyo ua lina mianya, na vitu vidogo hupenya. Ethini unaweza kuiacha katika hewa ya kawaida isidhurike, lakini disilini ya West huvamiwa na oksijeni, kwa hivyo huwekwa mahali pasipo na hewa. Maji, alkoholi, haidrojeni kloraidi na klorini, zote huingia kwenye bondi ile. Wanakemia wanaipenda tabia hiyo. Baadhi ya kampaundi za jamii hii zimeonekana zikivunja amonia, kazi ambayo kwa kawaida huachiwa metali.

Mwaka wa 2004 Akira Sekiguchi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, walitangaza silikoni mbili zilizoshikana mara tatu, fuwele za kijani kibichi. Ajabu ni kwamba molekuli hiyo haikunyooka kama ethaini, ilijipinda. Na mwaka wa 2010 David Scheschkewitz na wenzake, huko London, wakaunganisha silikoni sita kwa hesabu ya benzini. Badala ya pete bapa walipata kishada cha pete zilizoshikamana, ambacho baadhi ya silikoni zake zina vikundi viwili, nyingine kimoja, nyingine ziko uchi kabisa. Vishada vyenye silikoni zilizo uchi huchunguzwa sana, maanake vinafanana na uso wa ile silikoni ya kompyuta, ambako atomi za juu hukosa majirani wa kushika.

Basi makaa na mchanga ni ndugu kweli, ila hawana tabia moja. Na ile kanuni haikuwa uongo. Ilisema tu yale yaliyokuwa yameonekana mpaka wakati huo.

Jina la Profesa Mchanga bado ninaitwa, lakini mkono ninainua. Ule mstari kwenye daftari langu sikuufuta. Unasema, "Silikoni haifanyi bondi maradufu." Chini yake nimeongeza kwa kalamu nyekundu: "Isipokuwa ikilindwa." Kwa hayo machache, naiweka kalamu yangu chini. Mwenye swali na aulize, wala tusimcheke.