Juu ya nini muti hauoti Penga-Penga?

Katika somo la mazingira wengi mulituuliza: shemine ndefu ya Gécamines haitoi tena moshi wa zamani, basi juu ya nini kule Penga-Penga udongo ungali uchi?

Kiwanda kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, wakati wa Union Minière, kikaendelea miaka karibu 80. Moshi wake ulikuwa na sulfuri, ambayo ikikutana na maji inageuka asidi na kuunguza majani. Upepo wetu unatoka mara nyingi kusini-mashariki, ndiyo maana moshi ulilala upande wa kaskazini-magharibi. Ule moshi ulikwisha. Lakini vumbi la shaba, zinki na risasi lilianguka chini, na vyuma haviozi kama jani ao mufupa. Viko palepale.

Mumoja aliuliza: “Mama analima lenga-lenga karibu na pale. Tukiosha, inatosha?” Ulizo hili linapita yote! Kuosha kunatoa vumbi lililo juu ya jani, kwa hiyo muoshe sana. Lakini kile kilichopita kwa mizizi hakitoki, hata mupike siku nzima. Chokaa inasaidia: inapunguza asidi, na mumea unavuta vyuma kidogo. Haimalizi. Afazali kulima mbali, ama kuleta udongo mwingine. Na wadogo zenu wasicheze katika vumbi lile, mikono yao inakwenda kinywani.

Watu wa Université ya Lubumbashi walijaribu kupanda pale majani mafupi, Microchloa kunthii, pamoja na chokaa na mbolea. Yalishika. Si ya kula, hapana. Kazi yake ni kufunga vumbi lisiruke.