Baraka Kabla ya Mizani

Pale Ruashi, mtaa wa Lubumbashi, mtu akinunua mashine ya kusaga unga haiwashi hivi hivi. Ataitwa mchungaji, majirani watakuja, wimbo utaimbwa, ndipo injini ingurume. Wataomba wateja wasipungue, umeme usikatike, na jicho la mwenye wivu lisifike mlangoni.

Katikati ya mji huohuo ipo sinagogi iliyojengwa kuelekea mwaka 1930 na Wayahudi, wengi wao wa asili ya kisiwa cha Rhodes. Nao walikuja kuanza upya, wengi kwa biashara. Dini yao ina utaratibu wake wa kuanza jambo.

Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, walimu wa Kiyahudi, inamwagiza aliyejenga nyumba au kununua vyombo vipya atamke baraka. Baraka hiyo, Shehekheyanu, haiombi chochote. Humshukuru Mungu aliyemweka mtu hai, akamtegemeza, akamfikisha siku hii. Kitu kikiwa cha kufaidiwa na wengi, hutamkwa nyingine, ya kumsifu Mungu aliye mwema na mtenda mema. Adui hatajwi humo hata mara moja, jambo lililonishangaza mimi, niliyezoea maombi ya kwetu.

Kuomba nako kupo. Rabi Nehunya ben Hakana, wa karne ya 1, kila alipoingia nyumba ya masomo aliomba kwa ufupi baya lolote lisitokee kwa sababu yake. Alihofia kosa lake mwenyewe kuliko hila za jirani.

Lakini fundisho ninalolipenda zaidi liko katika Talmudi, inayoifafanua Mishna, na linahusu nafaka. Mkulima anayekwenda kupima mavuno yake huomba baraka iingie katika kazi ya mikono yake. Akishapima ndipo aombe, ombi lake ni la bure, kwa kuwa baraka haikai katika kitu kilichokwisha kupimwa au kuhesabiwa. Mchimbaji wa Katanga aliyewahi kupeleka mifuko ya madini kwa mnunuzi haelezwi mara mbili. Mfuko ukiwa bado begani, lolote laweza kuwa. Mshale wa mizani ukishatulia, kilichobaki ni kubishana bei.

Mishna inakaza zaidi. Mtu anarudi safarini, anasikia kilio mjini, anaomba kisiwe cha nyumbani kwake. Marabi wanaliita ombi la bure. Anayelia ameshalia, na nyumba inajulikana.

Kwa kipimo hicho, mchungaji wa Ruashi anayeiombea mashine kabla haijawashwa amekuja kwa wakati. Akiitwa mwisho wa mwezi wa tatu, daftari limeshaandika hasara, marabi wangemshauri auombee mwezi wa nne.